Sura Bila Jina: Historia ya Picha za Watu Uvira na Ufuo wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

Mji wa Uvira umekaa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya milima ya Mitumba na maji ya Ziwa Tanganyika, karibu na mahali ambapo mto Ruzizi unaingia ziwani, na kwa zaidi ya karne moja na nusu umekuwa kituo cha wafanyabiashara, wasafiri, askari, wamisionari na wakimbizi, ambao wengi wao waliondoka na picha za watu au waliziacha nyuma yao. Picha ya aina hiyo, ambayo hapa itaitwa picha ya sura, ni ile inayopigwa kwa kusudi la kumwonyesha mtu fulani akiwa amejiandaa au ameandaliwa, tofauti na picha ya tukio au ya mandhari. Historia yake katika ufuo huu kwa kawaida hufuata nyayo za wageni waliokuja na kamera, kwa kuwa wao ndio walioacha vitabu na makusanyo yaliyopangwa. Lakini anayeitazama kwa makini ataona kwamba ubunifu wenyewe, yaani uamuzi wa mtu juu ya namna anavyotaka kuonekana, ulikuwa mkubwa zaidi katika vyumba vidogo vya wapiga picha wa mijini, na kwamba tofauti kubwa ya kazi za pande hizo mbili ni kama mtu aliyepigwa picha aliachiwa jina lake au alinyang'anywa.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Uvira mwezi Aprili 1858 kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani au unaingia, na kitabu cha Burton kilichotoka mwaka 1860 kilipambwa kwa michoro ya mkono. Swali la mto lilijibiwa Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipofika kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa na kuona kwa macho yao kwamba maji yanaingia. Picha ya sura iliyotokana na safari hiyo ya Stanley, hata hivyo, ilipigwa mbali kabisa na ziwa, katika studio ya London Stereoscopic Company mwaka 1872, ambako Stanley alivaa upya mavazi yake ya safari na kumsimamisha pembeni yake mvulana aliyeitwa Kalulu. Mvulana huyo alikuwa mtumwa aliyekabidhiwa kwa Stanley na mfanyabiashara wa Kiarabu huko Tabora mwaka 1871, na jina lake lilikuwa Ndugu M'Hali. Stanley ndiye aliyembadilisha jina njiani, kabla sura yake haijawekwa mbele ya kamera yoyote. Picha za namna hiyo ziliuzwa zikiwa zimebandikwa kwenye kadi ndogo zinazotosha mfukoni, na watu wa Ulaya walizikusanya katika albamu zao pamoja na za wafalme na waigizaji. Kalulu alikufa maji mwaka 1877 katika maporomoko ya mto Kongo, akiwa tena safarini na Stanley. Kwa hiyo miongoni mwa picha za mwanzo zinazohusishwa na safari za ziwa hili ipo iliyotengenezwa ugenini, ikimwonyesha kijana asiye na kauli juu ya mavazi, wala pozi, wala jina lililoandikwa chini yake.

Upande wa pwani ya Bahari ya Hindi mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo ina uzito kwa Uvira, kwa sababu ufuo wa kaskazini uliunganishwa na Zanzibar kwa njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyopita Tabora na Ujiji. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliishika biashara ya upande huo wa ziwa hadi Uvira, mpaka nguvu zake zilipovunjwa na majeshi ya Dola Huru la Kongo mwaka 1894. Zanzibar ya wakati huo ilikwisha kuwa na studio za Wagoa, miongoni mwao A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, na waliokwenda huko hawakuwa Wazungu peke yao. Picha maarufu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara hiyo, mwenye kilemba na joho, inaonyesha mtu aliyejua fika heshima yake inakaa katika vazi lipi, na ni vigumu kuamini kwamba kuna aliyempangia namna ya kukaa. Kanzu, kofia, kilemba na leso vilifika ufuoni mwa Tanganyika kwa njia ya misafara hiyohiyo, na waungwana wa Ujiji na Uvira, yaani wale waliofuata mila na lugha ya pwani, walikuwa na mazoea ya kujipamba ili waonekane muda mrefu kabla kamera haijakaa katika miji yao. Biashara iliyoleta mavazi hayo ilikuwa pia biashara ya kuuza watu, na historia ya uzuri wake haiwezi kuandikwa kana kwamba jambo hilo halikuwapo.

Utawala wa kikoloni ulikuja na kamera ya aina nyingine. Dola Huru la Kongo, ambalo kuanzia 1885 hadi 1908 lilikuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, liliifanya Uvira kituo cha eneo la Ruzizi na Kivu, na ng'ambo ya ziwa Wajerumani walijenga kituo cha Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897. Maofisa, wapimaji wa mipaka na wanasayansi wa pande zote mbili walipiga picha za watu kwa mtindo ulioenea duniani wakati huo, wa kumpiga mtu picha mara moja kwa mbele na mara nyingine kwa ubavu, ili aainishwe kwa kabila kama wadudu wanavyopangwa kwenye kabati la makumbusho. Mrithi stadi zaidi wa mtindo huo alikuwa Kazimierz Zagórski, Mpolandi aliyefika Léopoldville mwaka 1924 na kufungua studio, kisha akasafiri kote Kongo na hadi Ruanda-Urundi akikusanya picha za mfululizo alioupa jina la L'Afrique qui disparaît, yaani Afrika inayotoweka, ambazo ziliuzwa zikiwa kadi za posta. Ufundi wake haukanushiki: mwanga wake ni mlaini, na ngozi ya watu wake inang'aa bila kupoteza weusi wake. Lakini maelezo ya kadi zake yanataja kabila na mahali, na walio ndani yake, wanawake kwa wanaume, wamebaki mifano ya aina fulani ya watu. Walidaiwa kuwa wanatoweka, na kwa kukosa majina wametoweka kweli katika kumbukumbu, ingawa wajukuu zao wapo.

Wamisionari walikuwa na mazoea mchanganyiko. Wapentekoste wa Uswidi walianza kazi Uvira mwaka 1921 na kuieneza hadi milimani, na kama ilivyokuwa kwa misheni nyingine za Afrika ya Kati, picha zao zilikuwa na kazi ya kuwaeleza wafadhili wa nyumbani mchango wao umefanya nini: darasa la shule, ubatizo, arusi, wauguzi mbele ya hospitali. Katika picha za aina hiyo mwalimu na mchungaji mwenyeji mara nyingi hutajwa kwa jina, huku mgonjwa na mtoto wakiitwa mgonjwa na mtoto tu.

Ili upigaji picha uwe kazi ya mtu wa mjini, anayeishi kwa malipo ya wateja wake, ilihitajika njia ya kuleta vifaa. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza iliwapa Wabelgiji kwa mkataba wa 1921 maeneo maalumu ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, yaliyoitwa Belbase, ili mizigo ya Kongo ya mashariki na Ruanda-Urundi ipite bila kutozwa ushuru. Kutoka Kigoma meli zilipanda hadi Usumbura na hadi Kalundu, bandari ya Uvira, na kutoka hapo reli fupi ilivusha mizigo katika bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, kuelekea Bukavu. Katika mji kama Usumbura, wenye maduka ya Wahindi, Waarabu na Wagiriki, filamu, karatasi na dawa zilikuwa bidhaa kama bidhaa nyingine zilizoshuka kutoka melini, na kijana aliyeajiriwa kufagia chumba cha picha aliweza, akiwa na macho mepesi, kujifunza kazi yote. Ranchhod Oza wa Zanzibar, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, alifanya kazi kwanza katika studio ya Gomes. Ufundi huu ulienea Afrika Mashariki kwa uanagenzi wa namna hiyo kuliko kwa shule yoyote.

Mazingira ya Uvira yenyewe yaliwadai wapiga picha maarifa ambayo vitabu vya Ulaya havikuyapa nafasi kubwa. La kwanza ni mwanga. Mji uko upande wa magharibi wa ziwa, hivyo jua huchomoza juu ya milima ya Burundi, likapita juu ya maji na kurudishwa na uso wake, na saa za mwanzo za asubuhi hutoa mwanga mpana unaojaza hata vivuli vya chini ya paji la uso. Lakini alasiri milima ya Mitumba, ambayo vilele vyake huzidi mita 3,000, hulificha jua mapema na kuuacha mji katika kivuli huku mbingu ikiwa bado nyeupe. Mpiga picha asiye na taa hufanya kazi na saa hizo, wala hazipingi, na mteja anayetaka uso wake utoke vizuri huja asubuhi. Umeme wa uhakika zaidi ulianza kupatikana kwa bwawa la Ruzizi, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuihudumia Bukavu, Uvira na Usumbura, na ndipo taa za studio na mashine ya kukuzia picha zilipoweza kutegemewa, japo si kila siku.

La pili, na gumu zaidi, ni joto. Filamu ya picha nyeusi na nyeupe ni ukanda uliopakwa jelatini, yaani utando laini unaotokana na mifupa na ngozi za wanyama, wenye chembe za chumvi ya fedha zinazobadilika zikiguswa na mwanga. Ili picha ionekane, ukanda huo husafishwa katika dawa ambayo viwanda vilipendekeza iwe na nyuzi joto 20 za Selsiasi, kisha huingizwa katika dawa ya pili inayoondoa chembe ambazo hazikuguswa na mwanga, na mwishoni huoshwa kwa maji mengi safi. Lakini ziwa liko kwenye kimo cha mita 770 hivi tu, na maji yake ya juu huwa kati ya nyuzi 24 na 28, hivyo hata maji ya kuoshea yenyewe ni ya moto kupita kiasi kwa kazi hiyo. Katika joto la namna hiyo dawa hufanya kazi haraka mno na kuiunguza picha, na jelatini hulegea kiasi kwamba kidole kikiigusa huacha alama, na ikihamishwa ghafla kutoka maji ya moto kwenda ya baridi hujikunjakunja kama ngozi ya mzee. Dawa ya matatizo hayo katika nchi za joto ilijulikana: kusafisha usiku wa manane au alfajiri, kupoza maji katika mtungi wa udongo ambao hutoa jasho na kushusha joto, kupunguza dakika za kusafishia, na kutia shabu, chumvi ileile ya kutakasia maji ya kunywa, ili jelatini ikazike. Picha ya miaka ya 1960 iliyotoka mikononi mwa fundi wa ufuoni, ambayo leo haina madoa wala haijageuka rangi ya chai, ni ushahidi wa mtu aliyeosha karatasi zake kwa subira. Ile iliyofifia mara nyingi ilifupishiwa maji ya kuoshea.

Tatizo la tatu lilitengenezwa kiwandani. Filamu za rangi za Kodak zilirekebishwa kwa miaka mingi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu kama kipimo cha rangi ya ngozi, kiasi kwamba nyuso nyeusi zilitoka bila maumbo, macho na meno yakabaki peke yake. Mafundi wa Afrika Mashariki walijibu kwa kuongeza mwanga usoni na kuchagua pazia la nyuma lisilo jeupe mno, na wakati wa picha nyeusi na nyeupe walizoea kuchora kidogo kwa penseli juu ya filamu ili kulainisha mashavu.

Baada ya ufundi huja uchaguzi wa mteja, na hapo ndipo penye utajiri wa historia hii. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni serikali ya Kongo Belji ilitoa kadi ya sifa ya uraia mwaka 1948 na utaratibu wa uandikishaji mwaka 1952 kwa wenyeji iliowaita évolués, yaani waliohesabiwa kuwa wamestaarabika kwa kipimo cha Mbelgiji, na suti, miwani, kalamu mfukoni na redio mezani vikawa lugha ya picha ya mtu anayedai kuhesabiwa. Baada ya 1971, Kongo ilipoitwa Zaire na suti na tai zikapigwa marufuku, wanaume walipiga picha katika abakosti, koti lisilovaliwa na tai, na wanawake katika vikwembe, vitenge vya kujifunga vinavyopendwa mashariki mwa Kongo, vilivyopangwa mara tatu ili maua ya kitambaa yaonekane. Ambroise Ngaimoko aliiita studio yake ya Kinshasa 3Z, kwa Zaire tatu za nchi, mto na fedha, na wateja wake vijana walijitokeza wakipanua vifua na suruali zao. Jean Depara, aliyezaliwa Angola na kufanya kazi Kinshasa, alifuata usiku wa baa na muziki wa Franco. Pwani, N. V. Parekh wa Mombasa alitumia taa za kisinema, na Omar Said Bakor wa Lamu alikata na kubandika picha hadi mtu akajikuta ndani ya ua au mbele ya mandhari asiyowahi kuyaona. Watu hawa hawakufundishwa pamoja, lakini wote walifanya jambo moja ambalo Zagórski hakulifanya: walimuuliza mteja anataka awe nani. Pazia lenye ndege au ghorofa halikuwa uongo kwa yeyote aliyehusika. Lilikuwa safari iliyolipiwa bei ya picha moja, na kwa mtu wa Uvira anayeziona taa za Bujumbura kila usiku bila kibali cha kuvuka, safari hiyo haikuwa ndogo.

Picha ya studio kwa kawaida iliandikwa nyuma: jina, tarehe, na maneno ya kumtaja aliyepelekewa, kama shangazi aliyeko Kigoma au kaka aliyeko machimboni. Maandishi hayo ndiyo yanayopotea picha zinapoingia sokoni. Kazi za Seydou Keïta wa Bamako zilionyeshwa New York mwaka 1991 zikiwa na maelezo kwamba mpiga picha hajulikani, ingawa alikuwa hai mjini kwake, na onyesho lililobeba jina lake lilifanyika Paris mwaka 1994. Ikiwa fundi mwenyewe anaweza kusahauliwa akiwa hai, wateja wake wana hali gani?

Tangu miaka ya 1970 picha ya sura ya ufuo huu imekuwa pia hati ya kuvukia. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliyoundwa Gisenyi mwaka 1976, ilirahisisha safari kati ya Zaire, Rwanda na Burundi, na mpaka wa Kavimvira, kati ya Uvira na Burundi, ukawa soko la picha ndogo za vibali. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, katika eneo zima la Maziwa Makuu, watoto waliotengana na wazazi walipigwa picha na kupewa namba, kisha karatasi hizo zikapitishwa kambini ili mzazi amtambue mwanawe. Ni nadra picha ya sura kuwa na kazi nzito kuliko hiyo. Vita vilipoanza Zaire mwaka 1996, familia nyingi za Uvira na Fizi zilivuka ziwa hadi Kigoma na kupelekwa kambi ya Nyarugusu, na kutoka huko baadhi yao walihamishiwa Marekani na nchi nyingine, kwa mafaili yenye picha zao. Uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2005 uliwapa mamilioni ya Wakongo kadi yenye picha ambayo, kwa kukosekana kwa kitambulisho cha taifa, imekuwa kitambulisho cha kila siku.

Kizazi cha sasa cha wapiga picha wabunifu wa mashariki na kusini mwa Kongo kimefanya kazi juu ya urithi huu wote, na safari zake za nje zimekuwa sehemu ya kazi yenyewe. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alifanya kazi katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, akachukua picha zilizopigwa na François Michel katika safari ya ofisa wa kikoloni Charles Lemaire ya 1898 hadi 1900, na kuziweka juu ya michoro ya rangi ya Léon Dardenne wa safari hiyohiyo, ili watu waliopigwa picha kwa kipimo warudi katika nchi yao. Pamela Tulizo wa Goma alipata mwaka 2020 tuzo ya Dior ya upigaji picha kwa vijana, kwa picha za wanawake wenye sura mbili, ile inayosambazwa na vyombo vya habari vya ng'ambo na ile wanayojijua nayo. Mgeni aliyesafiri upande wa pili, Mwayalandi Richard Mosse, alipiga picha wanamgambo wa Kivu kwa filamu ya kijeshi ya Kodak inayogeuza majani kuwa ya waridi, na kazi yake ikaonyeshwa Venice mwaka 2013. Inashangaza macho, lakini katika hesabu ya majina iko karibu zaidi na Zagórski kuliko na studio yoyote ya mtaani. Msanii wa Kivu anayealikwa kuonyesha kazi zake Ulaya naye hudaiwa kwanza picha yake ya viza, milimita 35 kwa 45, uso mbele na bila tabasamu, pozi lilelile ambalo kazi yake inalipinga.

Kumbukumbu ya ufuo huu iko hatarini kwa sababu za wazi: mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yaliingia majumbani mwa Uvira, na maji ya ziwa yaliyopanda katika miaka iliyofuata yamemeza nyumba za kando, huku karatasi na filamu vikiwa vitu vya kwanza kuharibika. Makumbusho na misheni zinazohifadhi picha za Uvira zinapaswa kurudisha nakala zake katika shule na parokia za mji huo, ambako bado wako wazee wanaoweza kuwatambua waliomo. Familia zenye picha za studio, ziwe Kalundu, Bujumbura, Nyarugusu au Marekani, ziandike sasa nyuma ya kila picha, kwa penseli laini kwa kuwa wino hupenya na kuharibu uso, jina kamili la kila aliyemo, mahali, mwaka na, akikumbukwa, jina la fundi aliyeipiga.